Ukungu Unaoua Wadudu: Mazungumzo na Wakulima wa Mboga, Werugha

Katika siku ya wakulima iliyofanyika Werugha, Kaunti Ndogo ya Wundanyi, afisa wa ugani alizungumza na wakulima wa mboga kuhusu kutumia kuvu kupambana na wadudu waharibifu. Wasomaji kadhaa waliokosa siku hiyo wameomba maneno hayo yachapishwe. Tunayachapa hapa karibu kama alivyoyasema.

Najua kila mmoja ameacha kazi nyumbani, kwa hiyo sitazunguka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna mama mmoja wa upande huu wa mlima, hayupo hapa leo na jina lake silitaji, ambaye analima sukuma wiki na kabichi kwenye ngazi nne za shamba. Aliniita kwa sababu vidukari walikuwa wamejaa chini ya majani, majani yamejikunja, na juu yake kuna ule utomvu mtamu unaovuta sisimizi na baadaye unageuka masizi meusi. Nikamwambia, mama, kuna dawa mpya ya kuvu, haina sumu kama zile nyingine, nunua ujaribu. Akaniuliza inatumiwaje. Nikamjibu kwa haraka, maana nilikuwa na pikipiki ya kuazima na mwenyewe aliitaka: "Ni dawa kama dawa nyingine, changanya na maji upige."

Mama akafanya kama nilivyomwambia. Alipiga saa nne asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Alitumia pampu aliyokuwa ameitumia jana yake kupiga mankozebu kwenye viazi. Siku ya pili akaenda kuangalia, vidukari wako pale pale. Siku ya tatu, pale pale. Siku ya tano akachoka, akachukua ile dawa kali aliyoizoea, akapiga, na kesho yake asubuhi akachuma, kwa sababu gari la mnunuzi lilikuwa linakuja na mnunuzi hangoji. Nilipomtembelea baadaye akanieleza yote bila kuficha. Halafu akanionyesha mistari miwili karibu na jikoni. "Hii ni ya watoto," akasema. "Hii siipigi kitu."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe nanunua sukuma wiki sokoni.

Simlaumu mama huyo, na naomba asiwepo mtu wa kumlaumu. Nyanya huiva, kabichi hufunga, unavuna mara moja au mara chache. Sukuma wiki ni nyingine kabisa. Unachuma majani ya chini leo, wiki ijayo unachuma yanayofuata, na mnunuzi anakuja siku ile ile. Sasa chukua chupa ya dawa usome lebo. Utakuta imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna: nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14 na zaidi. Mtu anayechuma kila wiki atazipata wapi siku 14? Ndiyo maana watu wanadanganya. Wengi wenu si wabaya, ni kwamba hesabu haikubali. Na ndiyo sababu nimekuja kuzungumza juu ya kuvu. Ukiitumia vizuri, hiyo hesabu inaweza kukubali.

Basi kuvu ni nini? Ni jamaa ya uyoga, na jamaa ya ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika. Tunazifahamu sana kuvu zinazotuumiza, kwa mfano blaiti ya nyanya na viazi, ambayo kila mkulima huiita kuvu. Lakini ziko kuvu ambazo hazina shida na mimea. Chakula chake ni wadudu. Na si kitu kilichobuniwa maabara. Ninyi wenyewe mmeziona. Wakati wa ukungu na manyunyu kwenye vilima hivi, umewahi kumwona nzi aliyekufa ameshikilia ncha ya jani, mbawa zimeinuka juu, na mwili wake una mistari ya unga mweupe? Au kidukari aliyevimba, rangi ya udongo, amekauka mahali pake wakati wenzake wanatembea? Huyo hakufa kwa uzee. Ameliwa na kuvu kutoka ndani.

Watu waliligundua jambo hili kwa hasara. Kule Italia walifuga viwavi wa hariri, na viwavi walikuwa wanakufa wakigeuka wagumu na weupe kama wamepakwa chokaa. Mwaka 1835 Agostino Bassi alieleza kwamba kinachowaua ni kuvu, inayotoka kwa kiwavi mmoja kwenda kwa mwingine. Kuvu hiyo leo inaitwa Beauveria bassiana, kwa heshima ya jina lake. Mwaka 1879 mwanasayansi mwingine, Elie Metchnikoff, akiwa Odessa, aliiona kuvu ya kijani ikiwaua mbawakawa walioharibu ngano, akafikiria: mbona tusiizalishe tukaitupa shambani? Hiyo ya kijani ni Metarhizium. Hayo majina mawili, Beauveria na Metarhizium, ndiyo mtakayoyaona kwenye lebo. Msiogope ugumu wake. Nyeupe na kijani, basi.

Hapa kwetu kazi kubwa imefanywa na icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wameweka mkusanyiko wa kuvu zilizochukuliwa kwenye udongo na kwenye wadudu waliokufa sehemu mbalimbali za Afrika, na kila moja wakaipa namba. Ndiyo maana kwenye chupa unaweza kukuta maneno kama ICIPE 69, ambayo hutumika dhidi ya thripsi, au ICIPE 78, dhidi ya utitiri mwekundu wa nyanya, au ICIPE 62, iliyochunguzwa kwa vidukari wa mboga. ICIPE 69 ilitoka kwenye udongo uliochotwa Kongo. Namba hizo zina maana. Kuvu inayomuua thripsi vizuri si lazima imuue kidukari, hata kama zote mbili ni Metarhizium. Ukienda dukani usiseme "nipe ile ya kuvu." Mtaje mdudu wako, halafu usome kama jina la mdudu huyo na la zao lako liko kwenye lebo. Na uangalie namba ya usajili ya bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, PCPB. Isipokuwepo, rudisha chupa kwenye rafu.

Sasa inavyoua. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu makosa yote ya yule mama, yaani makosa yangu, yanatokana na hapa.

Ndani ya chupa kuna spora. Spora ni kama mbegu, ila ni ndogo mno, huwezi kuiona moja kwa macho. Iko hai, imelala. Ukiipiga ikamwangukia kidukari, inanata kwenye ngozi yake. Ikipata unyevu inaota kama mbegu ya mahindi inavyotoa mzizi. Ule mzizi unasukuma na wakati huo huo unatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ngozi ya mdudu, mpaka unatoboa. Kazi hiyo huchukua kama siku moja hadi mbili. Ikiingia ndani inaogelea katika damu yake, inazaana, inakula akiba yake, inamtilia sumu. Mdudu anapoteza hamu ya kula kabla hajafa. Kwa kawaida anakufa kati ya siku ya 3 na ya 7, mara nyingine zaidi kama kuna baridi. Baadaye, ikiwa kuna unyevu, kuvu inatoka nje ya maiti na kutoa spora nyingine mpya.

Angalieni neno moja hapo: ngozi. Mdudu halazimiki kuila. Mnaijua ile dawa ya bakteria, ya Bt, inayotumika kwa viwavi. Ile lazima kiwavi aitafune pamoja na jani. Kidukari hatafuni, ananyonya kwa mrija kutoka ndani ya jani, kwa hiyo Bt haimpati. Kuvu inampata, kwa sababu inaingilia mgongoni. Hii ndiyo faida yake kubwa kwa wadudu wanaofyonza: vidukari, nzi weupe, thripsi.

Lakini spora ni kiumbe hai, na kiumbe hai hufa. Kitu cha kwanza kinachoiua ni jua. Mwanga mkali wa jua huiharibu kwa muda wa saa chache tu. Ukipiga saa nne asubuhi, kufika saa saba umeshapoteza sehemu kubwa ya ulichonunua. Piga jioni, saa kumi na moja hivi, jua likishapoa, ili spora ipate usiku mzima wa unyevu na umande wa kuotea. Sisi wa huku juu Mungu ametujalia ukungu karibu kila usiku. Wenzetu wa Voi na Taveta wana kazi zaidi, kwa sababu kuvu hizi hupenda joto la kadiri, kati ya nyuzi 20 na 30 hivi, na joto likipita 35 nyingi husimama kukua. Kwao ni jioni kabisa, tena baada ya kumwagilia shamba, na siku za mawingu wasiziache zipite.

Kitu cha pili ni dawa za kuua kuvu. Fikirini wenyewe: kuvu ni kuvu. Mankozebu haijui kwamba hii ni kuvu rafiki. Pampu iliyobeba mankozebu jana, hata ukiisuuza mara moja kwa haraka, bado ina mabaki kwenye mrija na kwenye kichujio. Nafuu kabisa ni kuwa na pampu mbili, moja ya sumu na moja ya kuvu, na kuiandika kwa rangi. Najua pampu ni pesa. Kama unayo moja, ioshe kwa sabuni, isuuze mara tatu, na upige maji matupu kupitia mrija wote. Na shambani kwenyewe, usipige dawa ya blaiti na kuvu rafiki karibu karibu. Lebo inaeleza muda wa kuacha. Mimi mwenyewe huacha wiki nzima, na wakati wa masika, blaiti ikiwa imewaka kwenye nyanya, huwa nasema ukweli kwamba huo si wakati wa kutegemea kuvu kwenye nyanya. Kwenye sukuma wiki na kabichi ni rahisi zaidi kwa sababu hatuzipigi dawa ya blaiti.

Kitu cha tatu ni joto la ghala. Chupa ya kuvu iliyokaa dirishani kwenye duka la mabati, jua linaipiga kila mchana, kwa nje inafanana kabisa na iliyokaa mahali pa baridi. Rangi ni ile ile, harufu ni ile ile, ndani imekufa. Kwa hiyo muulize mwenye duka anaiweka wapi. Akikuonyesha rafu yenye jua, mshukuru uende zako. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Na nyumbani usiiweke juu ya kabati karibu na jiko. Vikundi vingi hapa vina mwanachama mwenye friji. Kikundi kikinunua pamoja, chupa zikakaa kwa huyo mwanachama kwenye kisanduku kilichofungwa, mbali na chakula na mikono ya watoto, mtaokoa nauli na mtakuwa na kuvu iliyo hai.

Namna ya kupiga. Changanya kiasi unachotumia jioni hiyo tu. Mchanganyiko ukilala kwenye pampu mpaka kesho hauna maana. Tumia maji safi ya kijito au ya mvua, si maji yenye klorini. Tikisa pampu mara kwa mara maana spora hutuama chini. Kisha geuza pua ya pampu iangalie juu, upige chini ya majani. Nimeona watu wanapiga juu ya sukuma wiki mpaka majani yanatiririka, na vidukari wamekaa chini kama watu waliojikinga mvua chini ya paa. Spora isiyomgusa mdudu haina faida.

Tena rudia. Kwa nini? Mdudu mchanga hujivua ngozi anapokua. Kama spora imenata juu yake leo na kesho asubuhi akajivua kabla haijatoboa, amevua nguo na adui yake pamoja. Zaidi ya hayo, majani mapya yanatoka ambayo hayakupata kitu. Kila siku 5 hadi 7, kwa kufuata lebo, mpaka uone wamepungua. Na uanze mapema. Geuza majani mara mbili kwa wiki, na ukiona vikundi vichache vya vidukari, anza hapo. Ukingoja mpaka majani yamejikunja kama ngumi, kuvu itachelewa nawe utakata tamaa kama alivyokata yule mama. Dawa kali inaangusha wadudu mbele ya macho yako na unajisikia umefanya kazi. Kuvu inakutaka uwe na subira ya wiki moja, na kwa mtu mwenye deni, wiki ni ndefu. Naelewa hilo.

Kuhusu siku za kungoja: lebo nyingi za kuvu zina muda mfupi sana wa kungoja kabla ya kuvuna, mfupi kuliko mzunguko wenu wa kuchuma. Soma ya kwako. Kuvu hizi hazioti vizuri kwenye joto la mwili wa binadamu, na haziachi mabaki ya sumu ile tunayoiogopa. Hata hivyo usizipige kifua wazi. Ule unga unaweza kuwasumbua wenye pumu na kuwasha macho. Funika pua na mdomo, vaa glavu, oga ukimaliza.

Wachache wenu wanaolima mishiri ya kuuza nje wanajua habari za mabaki kuliko mimi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamua kupima asilimia 10 ya mizigo ya mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wakulima wengi wadogo waliachwa na wanunuzi. Huko nje yupo anayepima. Sukuma wiki ya Kongowea na ya Voi, nani anaipima? Nasema hivi mbele ya wakubwa wangu wa kaunti walioketi hapa, na nadhani hawatanichukia.

Sasa niseme mahali ambapo kuvu haitoshi, msije mkasema nimewauzia. Yule kiwavi mdogo wa nyanya anayechimba ndani ya jani, Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014 na ambaye wenzetu wa Tanzania wamempa jina la Kantangaze, akishakuwa ndani ya jani au ndani ya nyanya ana paa juu yake. Spora haimfikii. Kwake tumia mitego ya harufu, ondoa majani yaliyochimbwa na uyafunge kwenye mfuko juani, na kuvu iwe msaada tu kwa nondo wazima na wale wanaotembea nje.

Kwa kabichi, kuna jambo ambalo watu wa Werugha mnapaswa kujivunia na wengi wenu vijana hamlijui. Yule kiwavi mdogo wa kijani, ambaye ukimgusa anajirusha na kuning'inia kwa uzi, alikuwa amewashinda wazazi wenu. Alikuwa amezoea dawa. Walikuwa wanachanganya mbili, tatu, na bado kabichi ilikuwa wavu. Mwaka 2002 icipe walileta nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, aliyetoka Taiwan, na mahali mojawapo pa kwanza walipomwachilia ni hapa hapa Werugha. Nyigu huyo hachomi mtu. Hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake anamla kiwavi kutoka ndani. Viwavi wakapungua, na wakulima wengi wakaweza kupunguza dawa. Huyo nyigu bado ni mfanyakazi wenu asiye na mshahara. Kila mtu anayepiga dawa kali ya kila kitu kwenye kabichi anamfukuza kazi. Ndiyo maana naona kuvu kwa ajili ya vidukari inafaa zaidi hapa kuliko mahali pengine: unaweza kupambana na kidukari bila kumwangamiza nyigu kama dawa kali inavyofanya. Siyo kwamba kuvu haiwezi kumgusa kabisa. Ukimmwagia, anaweza kudhurika. Lakini jioni nyigu hawarukaruki sana, na ukipiga mistari yenye vidukari peke yake, badala ya shamba zima, umemwachia pa kuishi.

Mzee hapo mbele ameinua mkono. Anauliza kama nyuki wake watakufa. Mzee, shikamoo, swali zuri. Nyuki jioni wamerudi mzingani, na ndani ya mzinga kuna joto ambalo kuvu hizi hazilipendi. Usipige kwenye maua, usipige karibu na mlango wa mzinga. Ukifanya hivyo nyuki wako wana usalama kuliko jirani yako anapopiga dawa kali saa tatu asubuhi. Zungumza na jirani pia.

Kijana yule mwenye kofia anauliza kama anaweza kukusanya vidukari waliokufa kwa kuvu, awasage, achanganye na maji apige, asinunue tena. Umefikiri vizuri, na nimeshaulizwa hilo mara nyingi. Shida ni kwamba hujui umesaga nini. Kwenye hao wadudu kuna bakteria, kuna ukungu mwingine, pengine hata magonjwa ya sukuma wiki yenyewe, na mengine vidukari ndio wanaoyasambaza. Halafu unamlisha mtu. Waache maiti wale pale kwenye jani, watafanya kazi yao wenyewe mahali pao. Huo mtaji hauhitaji kusagwa.

Mama amesema bei. Ndiyo, kwa chupa, kuvu mara nyingi ni ghali kuliko ile dawa kali ya kawaida. Sitaficha. Nawaomba mpige hesabu ya msimu badala ya hesabu ya chupa: mlipiga mara ngapi msimu uliopita, na mara ngapi haikufanya kazi? Kama jibu ni mara tano na wadudu wako pale, hiyo nayo ilikuwa ghali. Lakini mtu mwenye mistari sita ya kula nyumbani sidhani anahitaji kununua chupa. Huyo ageuze majani kila asubuhi, awaponde vidukari kwa vidole, ang'oe jani lililojaa, aweke majivu kuzuia sisimizi wanaowalinda vidukari. Sisimizi ni walinzi wao, wanawafuga kama sisi tunavyofuga mbuzi.

Na kuna aliyesema kwamba hizi ni dawa za kujaribia wakulima wadogo. Hapana. Mwaka 2009 kule Tanzania, bonde la Iku-Katavi, nzige wekundu walipigwa kwa kuvu kutoka kwenye ndege. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipotuvamia Afrika Mashariki, Somalia ilitegemea kuvu kwa kiasi kikubwa kwa sababu wafugaji hawakutaka sumu kwenye malisho. Ile ilikuwa Metarhizium nyingine, ya panzi na nzige, si hii ya mboga. Hata hivyo ukoo ni mmoja.

Nirudi kwa yule mama, halafu twende shambani. Nilirudi kwake msimu uliofuata, safari hii bila haraka. Tulinunua chupa moja kwa pesa za kikundi chake. Tulipiga ngazi moja tu kati ya nne, jioni, kwa pampu ya jirani ambayo haijawahi kubeba mankozebu. Siku ya tatu akanipigia simu, "Wako pale pale." Nikamwambia angoja. Siku ya nne akapiga tena, "Bado." Nikaanza kuogopa, nawaambia kweli. Siku ya sita hakupiga simu. Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda kati ya mistari, amegeuza jani, anamwonyesha mjukuu wake vidukari waliokauka wenye unga wa kijani mgongoni. Hawakuwa wote. Wengine walikuwa wanatembea bado, na tulipiga tena mara mbili. Na ngazi nyingine tatu, mnataka kujua? Msimu huo alizipiga dawa yake ya zamani, kwa sababu hakuwa tayari kuhatarisha zote, nami sikumshurutisha. Msimu huu amepanda ngazi nne zote, na ile mistari miwili ya jikoni ameing'oa. Anachuma ya watoto kutoka shamba moja na ya mnunuzi.

Haya. Mwenyeji wetu ametuandalia mstari wa tatu kutoka kwenye ua, ulipigwa siku sita zilizopita. Geuzeni majani ya katikati, msiyakate. Nimeleta miwani ya kukuzia miwili tu, kwa hiyo zungusheni. Akina mama wenye watoto watangulie. Njia ya chini ina matope, piteni hii ya juu.